Mchoro Usio na Mapengo

Haji Mutlak alizitupa karatasi mbili mezani kama anayemtupia mbwa mifupa.

"Soma mwenyewe, Afande. Au polisi wa Faw siku hizi hawasomi?"

Kapteni Lafta hakuzigusa. Alifungua daftari lake kwanza, akaandika tarehe, saa na jina la mwenye ofisi, kama anavyofanya siku zote hata mbele ya mtu anayemfahamu tangu utotoni. Ilikuwa tarehe kumi na nne Agosti, saa saba mchana, na jasho lilimdondokea kwenye ukurasa kabla wino haujakauka.

"Nieleze kuanzia mwanzo," alisema.

"Nimekueleza mara mbili!"

"Basi hii itakuwa ya tatu."

Kisa chenyewe mji mzima ulikijua. Siku tatu kabla, saa kumi alasiri, binti wa Sheikh Jasib, mkuu wa ukoo, alikuwa akijifungua katika zahanati ya hapo mjini. Barabara ya kwenda Basra ilikuwa imefungwa kwa matairi yanayowaka, kazi ya watu waliochoka kukatiwa umeme, kwa hiyo daktari bingwa alikuwa Basra akimwelekeza mkunga kwa video. Katikati ya kazi picha ikaganda. Iliporudi baada ya dakika kumi na tisa, mtoto alikuwa amekufa. Intaneti ya zahanati, kama ya nyumba nyingine mia tisa, ilitoka kwenye mnara wa Haji Mutlak.

Sheikh Jasib alitoa siku tatu za kusubiri kabla ukoo wake haujadai damu ya mtoto. Leo ilikuwa ya tatu, na mwisho wake ulikuwa adhana ya magharibi. Jina lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja tu, la Hannun Mizban, fundi wa mnara. Lilikuwa limeshapakwa ukutani kwake kwa rangi nyekundu: HANNUN ANATAKIWA NA UKOO. Adhana ikipita bila jina jingine kupatikana, mke wake na watoto wangefungasha na kuuhama mji, na hapakuwa na mlango mmoja Faw ambao ungethubutu kuwafungukia.

"Nilitaka mashine ya kugawa kasi," Haji Mutlak alisema kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Laini moja, watu mia tisa. Mmoja akipakua mechi, tisini wanalia. Mashine inakaa katikati, kila mtu inampa fungu lake, na zahanati inapewa njia ya mbele. Wauzaji wawili waliniletea, mmoja ya kijivu, mmoja nyeusi. Nikasema kila moja ijaribiwe siku tatu. Hannun akajaribu ya kijivu. Nyeusi akaijaribu Mhandisi Raad, mume wa binti yangu. Sasa tazama!"

Lafta akatazama. Kila karatasi ilikuwa na mchoro wa mzigo wa intaneti uliopita kwenye mashine kwa siku tatu. Mstari wa mashine ya kijivu ulikuwa na mapengo kama kitana kilichong'oka meno. Wa mashine nyeusi ulipanda taratibu asubuhi, ukakaa juu alasiri, ukashuka usiku, umetulia kama kamba ya nguo.

"Kipofu naye angechagua nyeusi," Haji aliendelea. Feni ya darini ikalegea, ikasimama. Kompyuta ya karani ikazimika. Hakuna aliyeinua kichwa. "Na mashine iliyofaulu siku tatu haifi yenyewe siku ya kwanza ya kazi. Imeuawa. Hannun alinuna nilipoikataa ya kwake. Ufunguo wa chumba cha mashine anao. Saa kumi ileile ameonekana akipanda ngazi. Unataka nini tena, picha ya harusi?"

Nje jenereta ya mtaa ikanguruma. Feni ikaanza tena kuzunguka na kompyuta ikalia mlio wake wa kuamka.

"Nataka karatasi hizi," Lafta alisema, akazitia ndani ya bahasha.

*

Hannun alikuwa amewekwa mahabusu, si kwa sababu ameshitakiwa, bali kwa sababu nje angekatwakatwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mikono imejaa makovu ya nyaya. Aliposimama, Lafta alimwamuru akae.

"Umemuua mtoto kwa ajili ya mashine?"

"Afande, mimi mwenyewe nina wanne."

"Sikukuuliza idadi ya watoto wako."

"Sikumuua mtu."

"Ulipanda ngazi saa ngapi?"

"Saa kumi na kama dakika sita hivi."

"Kufanya nini?"

"Mkunga alinipigia. Anapiga kelele, picha imeganda, Hannun, picha imeganda."

Lafta alitoa simu ya Hannun kwenye mfuko wa vielelezo. Simu ya mkunga ilikuwemo, saa kumi na dakika tatu. Aliandika.

"Ungeweza kuiharibu asubuhi."

"Ningeiharibu asubuhi ingekufa asubuhi. Niliikuta ya moto kama kikaango, Afande. Watu wote mia tisa imewapanga foleni moja, zahanati iko nyuma yao kabisa. Mashine ile haijui kubeba watu mia tisa. Niliing'oa kwa mikono, nikapitisha laini bila mashine yoyote. Ndiyo maana picha ilirudi." Alifuta uso kwa kanzu. "Ilirudi imechelewa."

"Siku za kuijaribu ulikuwepo?"

"Raad alinipa mapumziko. Siku tatu nzima. Miaka sita sijapumzika hata Ijumaa moja, Afande. Nikamshukuru, mjinga mimi."

"Ya kwako ilikuwa inakatika."

Hannun aliinua macho. "Nani kasema?"

"Mchoro unasema."

"Haikukatika hata mara moja! Nililala nayo chumba kimoja! Nioneshe huo mchoro."

"Mtuhumiwa haoneshwi kielelezo," Lafta alijibu, akafunga daftari. Ndivyo sheria ilivyo, na Lafta ni mtu wa sheria hata pale ambapo sheria inamcheleweshea kazi. Saa hiyo ilimchelewesha kweli.

*

Mlango wa Mhandisi Raad ulipofunguliwa, ubaridi ulitoka ndani ukampiga Lafta usoni. Raad alikuwa amevaa fulana ya mikono mirefu, Agosti, Faw. Mbele yake kulikuwa na sahani ya tikiti lenye ukungu wa friji.

"Karibu, Kapteni. Kula. Huko kituoni naona mnakula mchanga."

"Nimeshiba. Majaribio ya mashine nyeusi yalifanyika wapi?"

"Chumba cha mashine, mnarani."

"Tarehe?"

"Tano, sita na saba. Imeandikwa. Au nikusomee?"

"Wateja wangapi?"

"Wote. Mia tisa na kumi na moja." Raad aliuma tikiti. "Usikasirike, Kapteni, lakini wewe ni mtu wa wezi wa kondoo. Mambo haya yana hesabu zake. Mashine nyeusi haikuyumba siku tatu. Ya kijivu ilianguka kila baada ya saa chache, mapengo yake umeyaona. Haji Mutlak alipoona mapengo yale nilimwambia, huu ndio ubovu wenyewe, akaelewa mara moja. Naye darasa la sita hakumaliza."

"Mchoro huu ni wako?"

"Kazi yangu, sahihi yangu."

"Kwa hiyo huwezi kukataa kuitia tena." Lafta alisukuma maelezo yaliyoandikwa. Raad alicheka, akatia sahihi bila kusoma.

Nje jenereta ya mtaa ilianza kunguruma. Lafta alitazama kiyoyozi. Kilikuwa kinapuliza vilevile, hakikukohoa. Jikoni, kwenye jiko la umeme, saa ya namba za kijani ilionesha 15:07. Lafta alitazama ya mkononi mwake. Tisa na dakika saba. Nyumbani kwake saa ya jiko ilikuwa ikiwakawaka sufuri nne tangu mke wake aliponunua jiko, maana kila umeme ulipokatika ilirudi sufuri, na hata majirani walishaacha kurekebisha za kwao.

"Una saa nzuri," alisema.

"Ni ya kawaida tu."

"Kwako, ndiyo."

Alipotoka aligeuka akatazama paa. Paneli kumi na sita za jua zilikuwa zimelala pale, safi, zimeoshwa asubuhi hiyohiyo.

*

Lafta alikaa ndani ya gari lenye joto la tanuri, karatasi zote mbili magotini. Alikuwa amekasirika, na safari hii hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Alihesabu mapengo ya mashine ya kijivu, tarehe moja mpaka tatu. Tisa. Chini ya kila pengo palikuwa na saa. Aliwasha gari akaenda kwa mwenye jenereta ya mtaa, anayewauzia watu umeme ule wa serikali ukikatika.

Abu Dhari alikuwa amekaa kwenye ndoo, mikono myeusi kwa mafuta, masikio yameziba kwa miaka ya kelele.

"Umekuja kunifunga?" alipaza sauti. "Ingia kwenye foleni! Leo kila mtu anataka kunifunga. Mmoja anasema nachelewa kuwasha, mwingine anasema nawahi kuzima!"

"Huwa unaandika unapowasha?"

"Nisipoandika si watanichinja? Umeme wa serikali ukikatika naandika, nikihamishia kwenye jenereta naandika. Wakija na midomo yao nawafungulia daftari."

"Nifungulie mimi."

Daftari lilinuka dizeli. Lafta aliweka mchoro wa kijivu kando yake, akashusha kidole. Tarehe moja, umeme umekatika saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Pengo. Saa sita kasoro dakika tano. Pengo. Saa tisa na ishirini. Pengo. Mara tisa umeme ulikatika siku zile tatu, na mara tisa mstari ulianguka ukasimama tena.

"Kutoka kukatika mpaka uhamishe, inachukua muda gani?"

"Dakika moja na nusu. Nikiwa msalani, tatu. Mji mzima kimya, unasikia nzi wakiruka."

"Na mnara wa Haji?"

"Ule una betri zake, haulali. Lakini utampa nani hiyo intaneti? Ruta zote majumbani, vile visanduku vya kuipokea, zimekufa."

Lafta alifungua ukurasa wa tarehe tano. Tano, sita na saba, siku tatu za mashine nyeusi. Umeme ulikuwa umekatika mara kumi na moja. Mstari wa Raad haukuwa na pengo hata moja.

"Mhandisi Raad ni mteja wako?"

Abu Dhari alitema mate. "Alijitoa kwangu mwezi wa tano. Kaweka jua juu ya paa, sasa hata salamu hanipi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, Afande. Ondoka kwenye kivuli changu."

"Nalichukua daftari."

"Wakija kunichinja?"

"Waambie liko polisi."

*

Ukumbi wa wageni wa Sheikh Jasib ulikuwa umejaa wanaume, wamekaa kuzunguka kuta nne, na hakuna aliyemjibu Lafta salamu kwa sauti. Haji Mutlak alikuwa pale pamoja na Raad, wote wawili wameitwa na Lafta kwa amri ya maandishi. Ilibaki robo saa kabla ya adhana.

Mtu alimletea Lafta kahawa chungu ndani ya kikombe kidogo. Lafta alikipokea, akakiweka mkekani mbele yake bila kunywa. Minong'ono ikakoma. Mgeni anayeweka kikombe chini ana haja, na mwenyeji hana budi kumsikiliza.

"Sema haja yako," alisema Sheikh Jasib. Macho yake yalikuwa mekundu, ndevu hazijachanwa. "Ukija kumwombea Hannun, kahawa hiyo itapoa mpaka Kiyama."

"Simwombei mtu. Nina swali moja kwa Mhandisi, na nataka mlisikie jibu."

Raad alikunja mguu juu ya mguu. "Uliza. Nimezoea."

"Tarehe sita, saa tisa na nusu alasiri, ulikuwa unajaribu mashine nyeusi mnarani na wateja wote mia tisa na kumi na moja. Umeme ulipokatika, mashine ilifanyaje?"

"Haukukatika."

"Tarehe sita?"

"Siku zote tatu. Unataka kunitega, Kapteni, lakini mchoro uko wazi. Mstari umetulia mwanzo mpaka mwisho. Umeme haukukatika."

Mzee mmoja aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi alisimamisha mkono. Wanaume wote ukumbini walimgeukia Raad, polepole, hata baba mkwe wake.

"Haukukatika kwa nani?" aliuliza Sheikh Jasib.

Raad alishusha mguu wake chini.

"Nakuuliza wewe. Tarehe sita alasiri binti yangu alizimia kwa joto, mimba imemlemea. Tulimpepea kwa sinia, mimi na mama yake, na Abu Dhari nilimtukana mpaka nikakauka koo kwa kuchelewa kuwasha. Haukukatika kwa nani, mwanangu?"

"Nilimaanisha mnarani. Mnara una betri..."

"Mnara unazo," Lafta alisema. "Wateja hawana. Mstari huu ni mzigo wa wateja. Umeme ukikatika, ruta mia tisa zinakufa pamoja na mstari unaanguka, hata mashine ingekuwa bora kuliko zote duniani." Alitandika karatasi mbili mkekani, na daftari la mafuta kati yake. "Mchoro wa Hannun una mapengo tisa. Daftari la Abu Dhari, tisa, saa zilezile. Mashine ya kijivu haikuwa mbovu. Ilikuwa ikiandika maisha yetu kama yalivyo. Wa kwako ulitakiwa uwe na kumi na moja. Mashine nyeusi haikumwona mteja hata mmoja mpaka siku ile ya zahanati. Ulikuwa nayo wapi, Mhandisi?"

Haji Mutlak alimshika bega, na haikuwa kwa upole.

"Jibu! Ulikuwa nayo wapi?"

"Nyumbani." Sauti yake ilikuwa imekonda. "Niliunganisha kompyuta mbili zijifanye wateja. Ni njia inayokubalika, Haji. Chumba kile cha mashine kina nyuzi joto hamsini na mbili, mtu hawezi kukaa mle siku tatu..."

"Hannun alikaa," Lafta alisema.

"Muuzaji aliniapia inabeba elfu moja!"

"Ulinionesha mapengo ya mchoro wa Hannun," Haji Mutlak alisema taratibu, "ukaniambia ni ubovu. Nami nikaamini. Nimezaliwa Faw, nimekaa gizani miaka yote hii, nikaamini."

Lafta alisimama. "Raad Abdulwahid, unakwenda nami. Umetoa taarifa ya uongo ya majaribio, na umeitilia sahihi tena leo mbele yangu. Mashine nyeusi inakwenda Basra kufunguliwa. Hayo mengine ni ya hakimu."

Vijana watatu walikuwa wameshasimama mlangoni. Mmoja alisema bila kumtazama mtu, "Ile rangi nyekundu ilibaki?"

"Nusu kopo," mwingine akajibu.

Raad akasogea nyuma ya mgongo wa Kapteni, akabaki hapo.

"Kahawa yangu ingali chini, Sheikh," Lafta alisema.

"Haja yako umeipata. Mtu wako huyo hapo."

"Hiyo ilikuwa kazi yangu. Haja yangu ni ukuta. Siku tatu watoto wanne wamepita chini ya jina la baba yao wakienda kuteka maji. Aliyepaka afute. Kabla ya adhana."

"Unaniamrisha kwenye ukumbi wangu?"

"Nimeweka kikombe."

Sheikh Jasib alimtazama bila urafiki hata chembe. Kisha akavua joho lake, akalitupa juu ya mto.

"Leteni chokaa," alisema. "Na asije mtu kunisaidia. Ni mimi niliyepaka."

Nyumba ya Hannun ilikuwa mtaa wa pili. Wanaume wote walitoka wakafuata kwa mbali, Lafta nyuma yao, mkono wake kwenye mkono wa Raad. Sheikh alifika na ndoo na brashi, akagonga. Mke wa Hannun, Fakhriya, alifungua. Nyuma yake mabegi yalikuwa yameshafungwa kwa kamba.

Sheikh alisema, "Binti yangu, nimekuja kufuta."

Fakhriya hakumkaribisha. Alitazama brashi, akatazama ukuta.

"Anzia juu," alisema. "Jina la mume wangu liko juu."

Akafunga mlango. Ndani, mtoto aliuliza kitu, na kamba ya begi la kwanza ikasikika ikifunguliwa.